Mlango Uliofunguliwa kwa Mmoja, Akaingia Mwingine: Jibu kwa Mwalimu Kuhusu Wahamiaji wa Marekani

SWALI: "Daktari, shikamoo. Nafundisha historia sekondari. Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza: kama Marekani ni nchi ya wahamiaji, mbona wale wa zamani tunawaona Wazungu watupu, na wa leo ni Wameksiko, Wahindi, Wachina na Waafrika? Nikamjibu kwamba zamani Wazungu ndio waliokuwa na meli. Akaniangalia kama asiyeridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Pia nasikia watu wakisema wahamiaji wa zamani walifuata sheria ila wa siku hizi wanaingia kiholela. Naomba unisaidie."

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Jibu lako la meli lina ukweli wake, ila linaishia njiani. Meli zilikuwepo 1910 na zilikuwepo 1930, bandari zile zile, na Waitalia wa kusini walikuwa na umaskini ule ule. Hata hivyo mwaka wa kwanza walifika kwa malaki na mwaka wa pili wakawa wa kuhesabika. Kilichotokea hapo katikati ni sheria. Nikupe msimamo wangu mapema: shida za kwao ndizo zilizomsukuma mtu aondoke, lakini nani hasa aliyefika Marekani, hilo liliamuliwa na milango ambayo wenye nchi walikuwa wakiifungua na kuifunga. Na karibu kila mara aliyeingia hakuwa yule waliyemtarajia.

Kwanza tuiguse hiyo picha ya "Wazungu watupu", maana ndipo kosa linapoanzia. Katika karne ya 18, kabla ya makoloni kujitangazia uhuru 1776, karibu nusu ya watu waliovushwa bahari kupelekwa huko walikuwa Waafrika waliofungwa minyororo. Kwa jumla Waafrika wapatao 390,000 walishushwa moja kwa moja kwenye bandari za Amerika Kaskazini. Sensa ya kwanza, ya 1790, ilihesabu watu milioni 3.9, na karibu 700,000 kati yao walikuwa watumwa. Vitabu vingi haviwaiti wahamiaji, na sababu ipo: mhamiaji hupanga safari yake, hawa walipangiwa. Lakini ukishawatoa kwenye hesabu, lazima wanaobaki waonekane Wazungu watupu. Picha hiyo imetokana na jinsi tulivyohesabu.

Hao Wazungu nao wengi hawakushuka na mabegi ya pesa. Zaidi ya nusu ya waliokwenda makoloni yaliyo kusini ya New England, lile eneo la kaskazini-mashariki, walikuwa watumishi wa mkataba: mtu hakulipa nauli, bali nahodha alimfikisha bandarini na kuuza mkataba wake kwa mwenye shamba, naye akatumika miaka minne hadi saba kuilipia ile safari. Wengine kama 50,000 walikuwa wafungwa ambao Uingereza iliamua kuwatupa ng'ambo kati ya 1718 na 1775.

Na malalamiko dhidi ya wageni yalianza kabla nchi yenyewe haijazaliwa. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, huyu huyu ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 100, aliandika kwa uchungu kwamba Pennsylvania, koloni lililoanzishwa na Waingereza, inajaa Wajerumani wasiotaka kushika lugha wala desturi za waliowatangulia, na kwamba si muda wataigeuza iwe ya Kijerumani. Hakuishia hapo. Alisema Waitalia, Wafaransa, Warusi na hata Waswidi si weupe hasa, ni watu wa maji ya kunde, na Wajerumani pia wamo, isipokuwa Wasaksoni. Waswidi, Mwalimu! Wasomee wanafunzi wako hilo kisha uwaangalie nyuso. La kuchekesha zaidi, mwaka 1732 Franklin huyo huyo alikuwa amechapisha gazeti la Kijerumani huko Philadelphia akitafuta pesa za Wajerumani hao hao. Halikudumu.

Baada ya uhuru, sheria ya uraia ya 1790 iliamua jambo moja lililodumu zaidi ya miaka 160. Mgeni angeweza kupewa uraia endapo tu ni "mtu mweupe aliye huru". Waafrika waliongezwa mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wengine wote walibaki nje. Shika hayo maneno matatu, mtu mweupe huru, nitayarudia.

Wajerumani na Waskandinavia nitawapita haraka. Walikuja kwa mamilioni katika karne ya 19, wengi wakasogea ndani kulima au kufungua karakana katika miji kama Milwaukee, Cincinnati na St. Louis, na sheria ya ardhi ya 1862 iliwapa ekari 160 hata kabla hawajawa raia, ilimradi watangaze nia ya kuwa raia. Waayalandi ndio wenye somo kubwa. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ayalandi mwaka 1845, watu kama milioni 1 walikufa na wengine wasiopungua milioni 1 wakakimbia. Katika miaka ya 1840 karibu nusu ya wahamiaji wote waliofika Marekani walitoka kisiwa hicho kimoja. Walikuwa weupe, na wengi walikuja wakijua Kiingereza, kwa hiyo ungedhani watapokelewa kwa vigelegele. Wapi! Kosa lao lilikuwa Ukatoliki na ufukara. Hata kabla ya njaa, mwaka 1844, makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto Philadelphia. Miaka ya 1850 kikaibuka chama ambacho wanachama wake walikula kiapo cha siri, wakiulizwa habari zake wanajibu "sijui kitu", na jina hilo likawaganda. Walitaka mgeni asubiri miaka 21 ndipo apewe uraia. Usidhani ni wahuni wachache wa mtaani: mwaka 1856 mgombea wao wa urais, Millard Fillmore, aliyewahi kuwa rais, alipata zaidi ya moja ya tano ya kura zote.

Lakini hakuna aliyewafungia Waayalandi mlango. Mlango wa kwanza kufungwa kwa kutaja watu fulani kwa jina la taifa lao ulikuwa upande wa pili wa nchi.

Dhahabu iliyogunduliwa California mwaka 1848 iliwavuta Wachina kutoka kusini mwa China. Reli ya kuunganisha pwani mbili ilipojengwa, Wachina zaidi ya 10,000 ndio waliopasua miamba ya milima ya Sierra Nevada. Ilikamilika tarehe 10 Mei 1869. Kazi ilipokwisha na uchumi ukayumba, waliokuwa wakisifiwa kwa bidii wakawa ndio wanaolaumiwa kwa kushusha mishahara. Mwaka 1882 Bunge likapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia. Marufuku hiyo ilikuwa ya miaka 10, ikaongezwa, mwishowe ikafanywa ya kudumu, na haikuondolewa hadi 1943, pale China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani na ikawa aibu kuendelea nayo. Hata hapo Wachina walipewa nafasi 105 kwa mwaka.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo ilipo siri ya habari yote. Mashamba ya California bado yalitaka mikono. Wachina walipozuiwa, waajiri wakaleta Wajapani. Wajapani nao wakaanza kukodi na kununua ardhi yao wenyewe, kelele zikapigwa, na kwa makubaliano ya 1907 na 1908 Japani ikakubali kuzuia vibarua wake kwenda. Waajiri wakageukia Wafilipino, ambao nchi yao ilikuwa koloni la Marekani tangu 1898 na kwa hiyo sheria za wageni hazikuwagusa. Mwaka 1934 Wafilipino wakawekewa kikomo cha watu 50 kwa mwaka. Muda wote huo Wameksiko walikuwa wakivuka mpaka kwa miguu na kwa treni, hasa baada ya mapinduzi ya 1910 kwao. Kila mlango uliofungwa ulimleta mgeni mwingine kwenye shamba lile lile, aokote matunda yale yale.

Na wapo waliojipenyeza. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Wong Kim Ark, iliamua kwamba mtoto wa Wachina aliyezaliwa Marekani ni raia. Miaka minane baadaye, Aprili 1906, tetemeko na moto vikateketeza San Francisco pamoja na kumbukumbu za vizazi. Kumbe bahati! Mchina yeyote angeweza kudai amezaliwa San Francisco, na nani atampinga? Akishakuwa raia, watoto wake waliozaliwa China nao ni raia. Akirudi kutoka likizo kijijini anaandikisha mtoto wa kiume, awe yupo au hayupo, na nafasi hiyo inauzwa kwa kijana wa jirani. Waliitwa wana wa karatasi.

Maafisa wa kituo cha Angel Island, kilichofanya kazi katika ghuba ya San Francisco kuanzia 1910 hadi 1940, hawakuwa wajinga. Walimweka kijana kitini na kumuuliza: nyumba yenu ina ngazi ngapi mlangoni? Kisima kiko upande gani wa kijiji? Nani anakaa nyumba ya tatu, safu ya pili? Kisha wanamuuliza "baba" yake peke yake maswali yale yale. Jibu moja likipishana, kijana anarudishwa. Kwa hiyo vijana walikariri karatasi za majibu melini usiku na mchana, kama wanafunzi wako wiki ya mtihani, na kuzitupa baharini kabla ya kutia nanga. Ubaya ni kwamba hata mwana wa kweli angeweza kufeli, maana nani kati yetu amewahi kuhesabu ngazi za kwao? Wengine walikaa kizuizini miezi mingi, wakachonga mashairi kwenye kuta za mbao. Bado yanasomeka.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa tofauti kabisa. Ellis Island ilifunguliwa New York tarehe 1 Januari 1892, na wa kwanza kuandikishwa alikuwa Annie Moore, msichana wa miaka 17 kutoka Cork, Ayalandi. Hadi kufungwa mwaka 1954 watu milioni 12 walikuwa wamepita pale. Annie alikuwa mwanzo wa kituo, lakini watu wa aina yake walikuwa tayari wanapungua. Waliokuja baada yake walikuwa Waitalia wa kusini, Wayahudi kutoka himaya ya Urusi, Wapolandi, Waslovakia, Wahungaria, Wagiriki. Mwaka 1907 peke yake wahamiaji karibu milioni 1.3 waliingia Marekani.

Kwa nini hao, na kwa nini wakati huo? Hapa jibu lako la meli lina nafasi yake, Mwalimu. Meli za tanga zilikaa baharini hata wiki sita. Za mvuke zilivuka kwa wiki moja au mbili, na reli sasa ilimtoa mkulima ndani kabisa ya Ulaya ya mashariki ikamshusha bandari ya Hamburg au Bremen. Meli zizo hizo zilikuwa zikipeleka Ulaya ngano ya bei chee kutoka Marekani, na ngano hiyo ikamfilisi mkulima mdogo wa Ulaya, ambaye naye alipanda meli kuifuata huko ilikotoka. Wayahudi walikuwa na sababu nzito zaidi: baada ya mfalme wa Urusi Alexander II kuuawa mwaka 1881, makundi ya watu yalivamia mitaa yao, yakaua na kupora. Ndiyo maana Wayahudi walikwenda na familia nzima na hawakurudi, ilhali Waitalia wengi walikuwa wanaume peke yao, wakachuma misimu kadhaa, na karibu nusu yao wakarudi kwao.

Hebu tusimame kidogo pale Ellis Island, maana linajibu swali lako la pili. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini na kushuka zao mjini. Wa daraja la chini walipandishwa ngazi hadi ukumbi mkubwa wa juu, huku madaktari wakiwatazama wanavyopanda: nani anahema, nani anachechemea, nani anashangaashangaa. Aliyetiliwa shaka alichorwa herufi kwa chaki kwenye koti. H ilikuwa ya moyo, L ya kuchechemea, E ya macho, X ya akili. Kisha daktari anageuza kope kwa chombo cha kufungia vifungo vya viatu, akitafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Wapo waliogeuza koti ndani nje ili chaki isionekane, wakapita. Halafu karani anauliza maswali 29 hivi: una kazi gani, unakwenda kwa nani, una shilingi ngapi mfukoni, au tuseme dola. Kwa wengi, kama hakuna tatizo, shughuli nzima ilichukua saa chache. Waliorudishwa walikuwa kama 2 kati ya 100.

(Kwa kupita tu: hadithi kwamba makarani wa pale waliwabadilishia watu majina haina msingi. Walisoma majina kutoka orodha iliyoandaliwa na kampuni ya meli kule Ulaya. Waliobadili majina wengi walijibadilishia wenyewe baadaye, wakitafuta kazi.)

Basi, "walifuata sheria"? Walifuata, naam, sheria iliyokuwa haiwadai kitu kikubwa. Kabla ya 1875 serikali kuu ya Marekani haikuwa na sheria yoyote ya maana ya kumzuia mhamiaji. Hapakuwa na viza ya kuomba, wala foleni ya miaka 15, wala idadi maalumu kwa nchi. Ukiwa Mzungu, mzima wa mwili, na una nauli, wewe umefuata sheria. Mwambie mwanafunzi wako amlinganishe Mzungu wa Ellis Island na yule kijana wa Angel Island anayeulizwa idadi ya ngazi, miaka ile ile, nchi ile ile.

Hata hivyo Waitalia na Wayahudi hawakupendwa. Mwaka 1891 Waitalia 11 waliuawa na umati New Orleans baada ya mahakama kushindwa kuwatia hatiani. Na huo mgawanyo wa "wahamiaji wa zamani" na "wa siku hizi" ulio kwenye swali la mwanafunzi wako una umri mkubwa kuliko anavyodhani. Tume ya Bunge iliyokaa tangu 1907 hadi 1911 ilitoa ripoti ya majuzuu 41, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba wahamiaji wa zamani, yaani Waingereza, Wajerumani na Waskandinavia, walikuwa wema na wachapakazi, ila hawa wapya hawafai. Wapya wenyewe ndio babu za Wamarekani ambao leo mwanafunzi wako anawaona "Wazungu watupu".

Bunge likajaribu kwanza mtihani wa kusoma, mwaka 1917, mtu asome maneno machache kwa lugha yake. Haukuwapunguza kama walivyotarajia, maana watu walijifunza kusoma. Sheria hiyo hiyo ilizuia sehemu kubwa ya Asia. Mwaka 1921 wakaweka mgao kwa kila nchi: asilimia 3 ya watu wa nchi hiyo waliokutwa Marekani na sensa ya 1910. Mwaka 1924 wakaona hautoshi, wakafanya jambo ambalo mimi huliona la ujanja kuliko yote katika historia hii. Walipunguza kutoka asilimia 3 hadi 2, na wakaacha sensa ya 1910 na ile ya 1920 iliyokuwa mezani, wakarudi nyuma hadi ya 1890. Matokeo yake, Ujerumani ikapata nafasi 51,227 kwa mwaka. Italia, ambayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na miaka ilipeleka zaidi ya watu 200,000, ikapata 3,845. Nchi nyingi za Afrika zilipewa 100 kila moja. Wajapani walifungiwa kabisa, kwa kuwa sheria ilimkataa yeyote asiyestahili uraia, na hapo ndipo yale maneno matatu ya 1790 yanaporudi.

Maana nani ni mtu mweupe? Takao Ozawa, Mjapani aliyekaa Marekani miaka 20, aliyesoma huko na kuongea Kiingereza nyumbani na watoto wake, aliomba uraia. Novemba 1922 Mahakama ya Juu ilimwambia hapana: rangi ya ngozi si hoja, mweupe ni yule ambaye wataalamu wanamweka katika kundi la Kaukazi, jina lao la kitaalamu kwa watu weupe. Miezi mitatu baadaye akaja Bhagat Singh Thind, Mhindi kutoka Punjab aliyevaa sare za jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Akasema: vizuri, wataalamu wenu hao wananiweka mimi katika kundi la Kaukazi. Majaji wale wale wakajibu kwamba hawafuati wataalamu, wanafuata anavyoelewa mtu wa kawaida mtaani. Nimewahi kusoma hukumu hizo mbili kwa kufuatanisha na nikakosa la kusema. Sharti la rangi liliondolewa mwaka 1952.

Sheria ya 1924 ilikuwa na watoto ambao hawakupangwa. Ukaguzi ulihamishwa kutoka bandarini kwenda balozi za Marekani ng'ambo, kwa mfumo wa viza, na Ellis Island ikapooza. Foleni ya ubalozini tunayoijua leo ilizaliwa hapo. Viwanda vya kaskazini, vilivyokwishaanza kukosa vibarua wa Ulaya wakati wa vita, viliendelea kuwavuta Wamarekani weusi kutoka kusini, na miji kama Chicago na Detroit ikabadilika. Meksiko na nchi nyingine za mabara ya Amerika hazikuwekewa mgao, kwa sababu wenye mashamba wa kusini-magharibi walikuwa na sauti bungeni. Na mwaka 1939 meli ya St. Louis, yenye Wayahudi zaidi ya 900 waliokuwa wakimkimbia Hitler, ilikaribia Florida kiasi cha kuona taa za Miami, ikarudi Ulaya. Zaidi ya 250 kati yao waliuawa baadaye.

Kufikia 1970 wazaliwa wa nje walikuwa chini ya asilimia 5 ya watu wa Marekani, wakati mwaka 1890 walikuwa karibu asilimia 15. Mwaka 1960 kundi kubwa kuliko yote lilikuwa bado la Waitalia, wengi wao wazee waliosalia kutoka zama za Ellis Island. Waliozaliwa India walikuwa kama 12,000 tu.

Ndipo tunafika tarehe 3 Oktoba 1965. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya chini ya sanamu ya Uhuru na kuufuta ule mgao wa mataifa. Ilikuwa zama za harakati za haki za weusi, na kuwapanga binadamu kwa asili yao kulikuwa kumeanza kuonekana aibu, hasa mbele ya nchi changa za Asia na Afrika ambazo Marekani iligombania na Urusi. Johnson mwenyewe alisema sheria hiyo si ya kimapinduzi. Wabunge walihakikishiwa kwamba sura ya nchi haitabadilika, na wahafidhina walikuwa na dawa yao: nafasi nyingi zipewe ndugu wa waliomo tayari. Kwa kuwa waliomo ni Wazungu, walipiga hesabu, watawaita Wazungu wenzao.

Hesabu haikukosewa kwenye karatasi, ilikosewa Ulaya. Kufikia hapo Ujerumani na Italia zilikuwa zimejijenga upya, kazi zipo, na Mjerumani wa 1970 hakuwa na haja ya kuhama. Aliyekuwa na haja alikuwa daktari wa Manila, mhandisi wa Bombay, mwanafunzi wa Taiwan au wa Korea Kusini. Walipita kwa mlango wa taaluma, kisha wakatumia mlango wa ndugu uliojengwa kwa ajili ya Wazungu: mke, watoto, wazazi, kaka, dada, na kila mmoja wao na wake. Leo waliozaliwa India wamezidi milioni 2.5. Baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mwaka 1975, wakimbizi wa Vietnam nao wakaingia, kama 130,000 mwaka huo peke yake, na wakaleta wao.

Kwa Wameksiko sheria hiyo hiyo ilifanya kinyume. Tangu 1942 kulikuwa na mpango wa serikali wa vibarua wa mkataba kutoka Meksiko, mikataba zaidi ya milioni 4 ilisainiwa, na ulifutwa mwisho wa 1964. Kisha kuanzia 1968 mabara ya Amerika yakawekewa kikomo kwa mara ya kwanza, na 1976 Meksiko ikawekewa nafasi 20,000 kwa mwaka sawa na nchi yoyote. Shamba lilikuwa lile lile, nyanya zile zile, kibarua yule yule kutoka kijiji kile kile. Jana alikuwa na mkataba mfukoni, leo anaitwa mvamizi. Nisingependa mwanafunzi aondoke darasani bila kulijua hilo, kwa sababu neno "haramu" humfanya adhani aliyebadilika ni yule mtu.

Waafrika je? Waliozaliwa Afrika walikuwa kama 80,000 mwaka 1970. Sasa wamezidi milioni 2. Wengi walipita masomoni, wengine kama wakimbizi, Wasomali wa Minneapolis wakiwa mfano. Mlango mwingine waliopitia ni bahati nasibu ya viza, nayo nimeiweka mwisho makusudi. Miaka ya 1980 kulikuwa na vijana wengi wa Kiayalandi Boston na New York wasio na hati, kwa sababu mlango wa ndugu uliwanufaisha wale wenye jamaa wa karibu waliotangulia juzi tu, na jamaa wa Waayalandi walitangulia karne nzima nyuma. Wabunge wenye asili ya Kiayalandi wakawatafutia njia. Kati ya 1991 na 1994 zilitolewa viza za ukaazi 40,000 kwa mwaka chini ya mpango wa muda, na asilimia 40 zilitengwa kwa Ayalandi kwa maneno ya sheria yenyewe. Mfumo wa kudumu ulianza 1995, nafasi 55,000, kwa nchi zenye wahamiaji wachache. Mwaka huo huo uchumi wa Ayalandi ulikuwa unaanza kupaa na vijana wake wakaacha kuomba. Walioomba walikuwa Waethiopia, Waghana, Wanigeria, Wakenya. Nigeria ilinufaika kwa njia zote mpaka ikavuka kikomo cha wahamiaji 50,000 kwa miaka mitano na kuondolewa kwenye orodha.

Kwa hiyo kama una ndugu aliyepata kadi ya kijani, kile kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kwa kubahatisha mtandaoni, mwambie ashukuru Waayalandi wa Boston.

Ukirudi darasani, ningekushauri usianze na tarehe. Andika ubaoni nambari mbili za Italia: zaidi ya 200,000 kwa mwaka kabla ya vita, kisha 3,845 chini ya sheria ya 1924. Chini yake andika 1910 na 1890, miaka miwili ya sensa. Halafu, kabla hujasema lolote, waulize kwa nini Bunge lililokaa 1924 lilichagua kuhesabu watu wa 1890. Yule kijana wako wa kidato cha tatu atapata jibu kabla ya kengele.